Kubadilisha boksi la injini kwenye lori la zamani bila kuchoma la pili

Lori la viazi lilifika gereji yetu hapa Nakuru likivutwa kutoka Molo. Dereva akashuka na kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi tunaiita boksi, ameitia kwenye mfuko wa unga. "Fundi, hili ndilo la pili. La kwanza lilikufa, tukanunua hili, nalo halikuwasha hata siku moja."

Nikaingia chini ya kabini na tochi. Waya wa athi wa boksi, ule unaorudisha umeme kwenye chasisi, ulikuwa umefungwa kwenye chasisi kwa nati ambayo ingeweza kuzungushwa kwa vidole, na chini yake kutu ya kijani nene kama ukucha. Tulipiga msasa, tukakaza, tukarudisha boksi la kwanza. Injini ikaamka kwa stata ya kwanza. Boksi lile la pili nalo halikuwa bovu: lilikuwa la injini nyingine kabisa.

Kisa hiki hutufikia kila mara, safari hii Molo, safari nyingine Bungoma, na mzigo huwa viazi, mahindi au miwa. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu ni kuhakikisha kwamba boksi kweli limekufa. Ukiruka nusu hiyo, nusu ya pili ni kamari.

Mifano yangu mingi ni ya malori ya volti 24 yenye injini ya dizeli inayoongozwa na kompyuta, hasa Isuzu yenye injini ya 4HK1. Fuso, Hino na nyinginezo hufuata mantiki ile ile, ila namba za pini hutofautiana. Kama lori lako lina pampu ya kizamani inayovutwa na kebo kutoka kwenye pedeli ya mafuta, tatizo lako liko kwingine.

## Vifaa vya kuwa navyo kwanza

- Mita ya umeme inayopima volti na omu. Ya bei nafuu inatosha, mradi betri yake ni nzima.
- Globu ya taa ya mbele ya volti 24, wati 70, iliyochomelewa nyaya mbili zenye pini nyembamba mwishoni. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote hapa, na ndicho ambacho karibu hakuna anayekuja nacho.
- Skana ya kusoma hitilafu inayokubali volti 24. Zile ndogo za magari madogo huungua, na nyingine huungua huku zikivuruga nyaya za mawasiliano.
- Mchoro wa nyaya wa injini yako hasa. Usitumie mchoro wa "inayofanana".
- Kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10 katikati, cha kurukia rilei (swichi inayofungwa na umeme).
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi, brashi ndogo ya waya, msasa laini. Petroli na mafuta ya taa yakae mbali na soketi. Huharibu mipira ya kuzuia maji.
- Simu ya kupiga picha, daftari na utepe wa kuwekea alama.
- Betri mbili zilizojaa, au chaja nzuri ya kuzishikilia wakati wa kuandikia boksi programu na data.

Tafuta pia mahali pakavu. Masika ya hapa kwetu hayamngoji fundi amalize kufunga kabini.

## Hatua ya 1: Soma hitilafu, ziandike, usizifute

Unganisha skana, washa swichi bila kupiga stata, uandike kila msimbo kwenye daftari. Wengi hufuta kwanza "ili waone kinachorudi". Ukifuta unapoteza pia picha ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: joto, mzunguko, shinikizo la mafuta. Hiyo picha ndiyo ushahidi wako.

Misimbo michache ya kuangalia:

P0601 na P0606 ni boksi lenyewe likilalamika juu ya kumbukumbu au akili yake. Hata hivyo usilihukumu bado, kwa sababu umeme mbovu huweza kuzua misimbo hii hii.

P0602 maana yake boksi halijaandikiwa programu. Hutokea sana kwa maboksi mapya yaliyofungwa yakiwa matupu, na watu huyarudisha dukani wakisema ni mabovu.

P0642, P0643, P0652 na P0653 zinahusu volti 5 ambazo boksi huzituma kwa sensa. Mara nyingi sensa moja imepiga shoti na kuwavuta wenzake wote.

P2146 na P2149 zinahusu umeme wa nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda. Kwenye 4HK1 nozeli hulishwa mbili mbili: silinda ya 1 na ya 4 pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja. Injini ikipoteza silinda mbili za jozi moja kwa mpigo, anza na nyaya za jozi hiyo kabla ya kugusa nozeli moja moja.

Skana ikikataa kabisa kuongea na injini, na taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki hata unapowasha swichi, boksi halijaamka. Kutoamka si kufa. Nenda hatua ya 2.

*Umefaulu ukiwa na:* orodha kamili kwenye daftari, na unajua kama boksi linaongea au limenyamaza.

## Hatua ya 2: Pima umeme ukiwa na mzigo

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na betri. Kila moja peke yake, lori likiwa limelala, iwe na takriban volti 12.6. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, angalia kama kuna mtu amevuta volti 12 kutoka betri moja kwa ajili ya redio au chaja ya simu. Karibu kila lori linalolala Salgaa, kituo chetu cha malori, lina waya huo. Betri inayovutwa hufa kabla ya mwenzake, na ile nyingine huchajiwa kupita kiasi.

Piga stata ukiangalia mita. Jumla ikishuka chini ya volti 18, boksi linaweza kuzima katikati ya kuwasha hata kama stata inazunguka vizuri. Injini ikiwaka, altaneta itoe kati ya volti 27.5 na 28.5. Ikipanda juu ya 30, tengeneza altaneta leo, kwa maana boksi jipya halitaishi.

Sasa boksi lenyewe. Zima swichi, ngoja dakika mbili, kata hasi ya betri, kisha chomoa soketi za boksi. Rudisha betri. Kwenye mchoro tafuta pini za umeme na pini za athi. Kwa kawaida kuna zaidi ya moja za kila aina.

Kumbuka jambo moja linalowachanganya wengi. Katika malori mengi rilei kuu ya boksi hufungwa na boksi lenyewe. Ukishachomoa boksi, rilei haifungi, na pini za umeme zitasoma sifuri hata kama nyaya ni nzima. Chomoa rilei hiyo na uunganishe matundu yake mawili makubwa, yale ya 30 na 87, kwa waya wako wenye fyuzi.

Chukua globu. Mguu mmoja kwenye pini ya umeme, wa pili kwenye pini ya athi, vyote ndani ya soketi ile ile ya boksi. Globu iwake nyeupe kabisa, kama inavyowaka ikiwa kwenye betri. Jaribu kila pini ya umeme na kila pini ya athi.

Kwa nini globu na si mita? Mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya wa nyuzi ishirini uliobaki na uzi mmoja ulioliwa na kutu utakuonyesha volti 24 safi kwenye mita, nawe utaapa kwamba waya ni mzima. Globu ya wati 70 huvuta karibu ampea 3, na uzi ulioliwa hivyo huweza kushindwa kuzibeba. Globu itawaka nyekundu kama kaa la jiko, au isiwake kabisa.

Tahadhari: usichomeke pini nene kwenye matundu ya soketi. Ukiyapanua, utaunda tatizo jipya linalotokea tu lori likipita kwenye matuta. Tumia pini nyembamba na uiguse tu. Usitoboe ngozi ya waya kwa sindano pia. Maji huingia pale, na baada ya miezi michache waya huoza kutoka ndani.

Globu ikififia, fuata waya. Shuku athi kwanza, kisha fyuzi na soketi yake, kisha rilei, kisha mahali wayaringi, yaani fungu la nyaya, inaposuguana na chasisi. Kama lori hulala kando ya ghala la mahindi, shuku panya. Nimefungua wayaringi moja ya lori la Kitale nikakuta kiota kamili, na waya tatu zimetafunwa hadi shaba.

*Umefaulu ukiona:* globu nyeupe kwenye kila jozi ya pini. Injini nyingi huwaka hapa hapa, baada ya kusafisha athi moja. Zikiwaka, funga vifaa uende nyumbani.

## Hatua ya 3: Tafuta muuaji kabla ya kununua boksi

Kama umeme uko sawa na boksi bado lina dalili mbaya, kuna kitu kilichoweza kuliua. Kitu hicho bado kipo pale, kinangoja boksi jipya.

Sensa za volti 5. Rudisha rilei na boksi, washa swichi, upime volti 5 kwenye soketi ya sensa moja. Ikiwa chini sana, chomoa sensa moja baada ya nyingine ukiangalia mita. Volti zikirudi ghafla, sensa uliyoichomoa mwisho ndiyo mkosaji. Kama sensa zote zimechomolewa na volti hazirudi, chomoa boksi na upime kama waya huo umegusana na chasisi. Waya mzima na boksi halitoi 5? Hapo ndipo boksi linaanza kuwa na kesi ya kujibu.

Nozeli. Boksi likiwa limechomolewa, pima omu za kila nozeli kupitia soketi ya boksi. Namba itakuwa ndogo sana. Kinachokuhusu ni kwamba zote nne zifanane. Kisha pima kati ya kila waya wa nozeli na mwili wa injini. Pasiwe na mawasiliano yoyote. Nyaya za nozeli zilizo chini ya kifuniko cha juu cha injini hukauka kwa joto na kugusa chuma, na shoti ya aina hiyo huweza kuchoma boksi kwa sekunde.

Tahadhari: boksi hupandisha umeme wa nozeli hadi zaidi ya volti 100. Usishike wala kupima nyaya hizo swichi ikiwa imewashwa. Na usilegeze bomba la mafuta ya shinikizo injini ikizunguka ili "kuona kama mafuta yanafika". Shinikizo la hapo linaweza kupita baa 1,000, na mafuta hupenya ngozi bila kuacha jeraha kubwa. Akipenyezwa mtu, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anasema haumii.

Kidhibiti mwendo na kifuatiliaji. Kwa maoni yangu, huyu ndiye mchawi mkuu wa malori yetu. Kidhibiti mwendo ni lazima kisheria, lakini waliokifunga mara nyingi hukata nyaya za pedeli ya mafuta, wakasokota kwa mkono na kuzungushia utepe. Pedeli hiyo hutuma ishara mbili au zaidi zinazopaswa kukubaliana. Msokoto ukilegea ishara hazikubaliani, na injini inakataa kupanda mzunguko. Chunguza kila kiungo, ukichomelee kwa risasi na kukifunika vizuri. Usikiondoe kidhibiti. Kirudishe kikiwa kimeungwa ipasavyo.

Nyaya za mawasiliano. Betri ikiwa imekatwa, pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya skana, kama ni ile ya pini 16 na mchoro wako unaonyesha mtandao umepita hapo. Utarajie karibu omu 60. Ukipata 120, upande mmoja wa mtandao umekatika. Angalia tu kwamba boksi mara nyingi hubeba moja ya ncha mbili za mtandao huo, kwa hiyo likiwa limechomolewa, 120 ni sawa.

Mwisho wa yote, tazama soketi za boksi kwa tochi. Maji? Mafuta? Mafuta ya injini hupanda ndani ya waya kama utambi wa taa, kutoka kwenye sensa inayovuja hadi kwenye boksi. Ukiyakuta huko, badilisha sensa kwanza.

*Sasa unaruhusiwa kulihukumu boksi iwapo:* umeme na athi ni safi, nyaya hazina shoti, na bado boksi halitoi volti 5, au halilishi jozi moja ya nozeli, au P0606 inarudi kila ukifuta, au umelifungua ukakuta maji na harufu ya kuungua.

## Hatua ya 4: Okoa kilicho ndani ya boksi la zamani

Boksi lililokufa nusu bado lina kumbukumbu. Ndani yake kuna namba ya chasisi, misimbo ya nozeli, mipangilio ya mwendo na, kwa malori yenye ufunguo wa chipu, utambulisho wa ufunguo.

Likiwa bado linaongea na skana, lisome na uhifadhi kila kitu leo. Likiwa limenyamaza, mtu mwenye mashine ya benchi, ya kusomea boksi likiwa nje ya lori, anaweza kulifungua na kusoma kumbukumbu moja kwa moja. Usilitupe wala kumwachia muuzaji "abadilishane" kabla ya hapo.

Piga picha ya lebo nzima ya boksi. Piga picha pia ya juu ya kila nozeli: kuna msururu wa herufi na tarakimu unaoeleza jinsi nozeli hiyo inavyotofautiana na nyingine kiwandani. Andika pamoja na namba ya silinda. Nozeli ikiwa imebadilishwa zamani, msimbo ulio juu yake ndio wa kweli, si ule ulio kwenye boksi.

## Hatua ya 5: Nunua boksi linalofanana kweli

Linganisha namba yote ya lebo, hadi herufi ya mwisho. Soketi kuingia hakuthibitishi kitu. Lile boksi la pili la Molo liliingia vizuri sana.

Mtego mkubwa ni boksi lililotolewa kwenye lori la mtumba kutoka Japani. Malori mengi ya soko la Japani yana chujio la moshi kwenye ekzosi na sensa zake. Ukifunga boksi hilo kwenye lori lililouzwa hapa bila chujio, litatafuta sensa zisizokuwepo, litawasha taa na kupunguza nguvu. Dereva atakwambia lori "limekuwa zito".

Mwambie muuzaji mapema kwamba utalijaribu, na mkubaliane juu ya kurudisha kabla pesa haijatoka mfukoni. Tazama misumari ya kifuniko: ikiwa na mikwaruzo, mtu ameshachokora. Tazama lebo: ikiwa imebandikwa juu ya nyingine, rudisha mezani uondoke. Nilishawahi kununua moja ya hivyo, nikiwa na haraka ya mteja aliyekuwa na kabichi zinazooza. Muuzaji alibadilisha namba ya simu kabla kabichi hazijafika sokoni.

Kabla ya kununua, uliza pia kama la kwako linaweza kurekebishwa. Kiungo kilichopasuka au kidhibiti umeme kilichoungua ndani si mwisho wa boksi, na boksi lililorekebishwa hubaki na data yake yote.

## Hatua ya 6: Toa la zamani

Zima swichi na ungoje dakika mbili kamili. Rilei hushikilia boksi kwa muda baada ya swichi kuzimwa ili liandike kumbukumbu zake. Ukikata betri kabla, unaweza kuharibu data uliyotaka kuiokoa.

Kata hasi ya betri, uifunge kitambaa isirudi kugusa. Gusa chasisi kwa mkono mtupu kabla ya kushika boksi, ili umeme tuli wa mwili wako umalizikie hapo. Wakati wa kiangazi chenye vumbi jambo hili si mzaha.

Fungua wenzo wa kila soketi taratibu, uvute soketi yenyewe na si nyaya. Wekea alama. Kama boksi limefungwa juu ya injini badala ya kabini, safisha eneo lote kwa brashi na hewa kwanza, na uhesabu mipira ya kuzuia mtetemo ilipotoka. Mipira hiyo ikiisha, boksi hutikiswa hadi viungo vya ndani vinapasuka. Badilisha yote pamoja.

Neno moja kwa wenye Actros za zamani: boksi la injini liko ubavuni mwa injini, na soketi mbili, ya pini 55 upande wa injini na ya pini 16 upande wa lori. Linafahamiana na ufunguo. Ukifunga lingine bila kunakili data au kulifundisha ufunguo, stata itazunguka siku nzima bila injini kuwaka.

## Hatua ya 7: Andikia jipya

Njia iliyo rahisi ni kunakili kumbukumbu yote ya la zamani kwenda jipya kwenye benchi. Ukifanya hivyo, jipya linakuwa pacha wa la zamani, pamoja na ufunguo na misimbo ya nozeli.

Kama haiwezekani, andika kwa skana lori likiwa limeunganishwa: namba ya chasisi, kisha msimbo wa kila nozeli kwa silinda yake, kisha mipangilio mingine. Soma kwa sauti, mwenzako athibitishe. Ukibadilishana msimbo wa silinda ya 2 na ya 3, injini itawaka, lakini itagonga na kutikisika bila sababu utakayoiona.

Tahadhari: shikilia betri kwa chaja wakati wote wa kuandika. Zima redio, taa, feni. Taniboi asifungue mlango kuwasha taa ya kabini. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, boksi linaweza kubaki halina programu, na hapo unarudi kwenye benchi.

## Hatua ya 8: Funga, washa swichi, usipige stata bado

Puliza soketi, ziache zikauke, bonyeza hadi wenzo ufunge bila nguvu. Ukihitaji nguvu, pini imepinda, toa uangalie. Kaza athi kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa, kisha paka grisi juu yake, si chini yake.

Rudisha betri. Washa swichi. Taa ya injini iwake, na skana ionane na boksi. Sasa soma namba chache injini ikiwa imelala:

Joto la maji na joto la hewa vikaribiane, kama lori limelala usiku kucha.

Shinikizo la hewa ya turbo lilingane na la hewa ya nje. Hapa Nakuru, kwa mwinuko wetu wa karibu mita 1,850, utarajie takriban kilopaskali 81 au 82. Kisumu, chini kule ziwani, karibu 88. Skana ikikuonyesha 100 ukiwa Nakuru, sensa inadanganya au boksi limeandikiwa vibaya, na lori litavuta moshi mweusi mlimani. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote cha ziada, na bado sijaona watu wakikitumia.

Pedeli ikikanyagwa polepole, asilimia ipande bila kuruka, 0 hadi karibu 100.

Namba zikikubali, piga stata. Inaweza kuchukua sekunde kadhaa mara ya kwanza. Injini ikiwaka, usiikanyage. Iache ingurume hadi ipate joto la kawaida ya kazi, maana boksi linajifunza tabia ya pampu wakati huo. Kwenye Isuzu, kama skana yako ina kazi ya kufundisha pampu upya, iendeshe sasa. Mngurumo utayumba kidogo mwanzoni kisha utulie.

Linganisha shinikizo la mafuta linalotakiwa na linalopatikana. Zifuatane kwa karibu. Zikiachana, hilo ni suala la pampu, chujio au nozeli.

*Umefaulu ukiona:* taa ya injini imezimika, mngurumo umetulia, na hakuna msimbo uliorudi baada ya kuzima na kuwasha mara tatu.

## Hatua ya 9: Barabarani

Mara ya kwanza zunguka karibu na gereji, bila mzigo, mahali tambarare. Injini ikizima ghafla, usukani unakuwa mzito na kompresa inaacha kujaza hewa ya breki. Hilo usilijifunzie kwenye mteremko wa Sachangwan kurudi Salgaa.

Baada ya hapo tia mzigo wa wastani na upande. Kutoka Nakuru, barabara ya kuelekea Mau Summit inatosha. Kisumu, kamata ya Kericho. Skana iwe imeunganishwa, mwenzako akisoma, si dereva. Unatazama nguvu isikatike, moshi usiwe mweusi kupita kawaida, na nozeli zote zisawazike. Mkifika, zima injini, iache dakika kumi ikiwa ya moto, kisha iwashe tena. Boksi lenye kiungo kilichopasuka hukataa hapo hapo, likiwa limepata joto.

## Baada ya kurudi

Paka rangi nukta moja juu ya nati ya athi na chasisi, ili ionekane ikizunguka. Ikague baada ya wiki.

Mchomeleaji akija kuziba bodi, kata betri zote mbili, chomoa soketi za boksi, na kibanio cha mashine yake kikae karibu kabisa na anapochomea. Anayeosha injini kwa mashine ya presha aambiwe boksi liko wapi.

La zamani usiliuze kwa angalau mwezi mmoja. Data ikikosekana mahali, ndimo utakamoitafuta. Lile la pili la Molo, lisilo na kosa lolote ila kununuliwa kwa haraka, liko bado kwenye rafu yetu ndani ya mfuko wake wa unga. Mwenyewe anatafuta mtu mwenye injini inayolingana nalo.